Njooni Studio na Hesabu Zenu

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi wa shahada ya biashara hapa Dodoma. Nimeiandika kutoka kwenye rekodi ya simu ya mwanafunzi mmoja, na nimerudishia mambo machache niliyoyaruka siku ile kwa kukosa muda.

Mbukwenyi!

Ahsanteni, nimesikia wenyeji wako upande gani. Walimu wangu, shikamooni. Mama mlezi wa wanafunzi, shikamoo, na ahsante kwa kunikaribisha. Wadogo zangu, hamjambo?

Mwalimu aliponipigia simu aliniambia hivi: "Wanafunzi wananifuata ofisini wanasema wanataka kuingia kwenye media na burudani. Mimi ni mtu wa uhasibu, sina la kuwaambia. Njoo wewe." Nikamuuliza wanataka kwenda kufanya nini huko. Akasema wengi wanataka kutangaza, wengine wanataka kuwa mameneja wa wasanii, na mmoja yuko mwaka wa pili, anataka kuacha chuo kwa sababu anaona biashara inamchelewesha. Wewe ndugu yangu, popote ulipokaa, sikutafuti kwa macho. Lakini nimepanda gari leo kwa ajili yako.

Nina jambo moja la kusema. Tasnia hii nchini kwetu ina sauti nzuri za kutosha. Ina watunzi, ina wachekeshaji, ina vijana wanaojua kushika kamera na kuediti usiku kucha. Inachokosa ni mtu anayesoma mkataba kabla haujasainiwa, anayetoa ankara kwa wakati na kuidai bila aibu, anayejua kwamba mauzo na faida ni vitu viwili, na anayejua kwamba wimbo ni mali kama kiwanja. Mtu huyo anafundishwa hapa, kwenye darasa hili hili mnalotaka kulikimbia.

Niwaeleze nimelijuaje hilo.

Baba yangu analima zabibu Hombolo. Mliotoka vijiji vya zabibu mnajua: mavuno huja kwa wingi, kwa wakati mmoja, kwa kila mtu. Zabibu ikishakatwa haisubiri. Ukikaa nayo siku chache inaanza kuvuja maji, na mnunuzi analijua hilo. Anafika na gari, anaangalia kreti, anataja bei, nawe unakubali kwa sababu jua linawaka. Mwenye tangi la mvinyo hana haraka. Anaweza kukaa na mali ile mwaka mzima, akaiuza Dar es Salaam, akaipeleka Arusha kwa watalii, akabadilisha chupa na lebo na bei. Nilikua nikimwona baba anapogoa, anapalilia, anapuliza dawa, anafukuza ndege alfajiri, halafu kazi ya miezi inaamuliwa kwa nusu saa na mtu ambaye hajawahi kushika mkasi wa kupogolea. Nilipoingia redioni, na baadaye kwenye muziki, nilikuta shamba lile lile. Kijana ana wimbo, au ana kipindi ambacho mtaa mzima wanakisikiliza. Anauza siku hiyo, kwa bei ya siku hiyo, kwa sababu kodi ya chumba Chang'ombe imefika. Tangi analo mwingine.

Mwaka wangu wa pili nilikwenda fildi kwenye redio moja. Nilikuwa nimejiandaa. Nilifanya mazoezi ya kusoma habari mbele ya kioo, nikasuka nywele. Meneja akaangalia barua yangu ya chuo, akaona neno biashara, akanipeleka chumba cha nyuma chenye mafaili. Nililia siku ile. Nilimpigia mama, nikamwambia wamenificha.

Kazi niliyopewa ilikuwa kupanga mafaili ya matangazo. Kwenye redio tangazo moja linaacha karatasi tatu: oda ya mteja, inayosema tangazo lirushwe mara ngapi na kwa bei gani, logi, ambayo fundi mitambo au mtangazaji anaweka alama kila tangazo linapokwenda hewani, na ankara inayopelekwa kwa mteja. Mteja akiagiza mara 6 kwa siku kwa siku 30, logi ionyeshe mara 180, na ankara iseme 180. Mwalimu wa ukaguzi wa hesabu alikuwa ametufundisha kulinganisha nyaraka, basi nikaanza kulinganisha kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya.

Nikakuta mteja aliyelipia mara 4 lakini anarushwa mara 6 kila siku. Nikakuta tangazo ambalo mkataba wake uliisha Mei na mwezi wa Julai bado liko hewani. Halafu nikakuta kubwa: matangazo yaliyoagizwa, yakarushwa yote, alama zote zipo kwenye logi, na ankara haikuwahi kuandikwa. Mteja hakulipa kwa sababu hakuna aliyemdai. Nilipojumlisha ya miezi saba ilizidi shilingi milioni 11. Na wakati huo watangazaji wa redio ile walikuwa wanadai mishahara ya miezi miwili. Kaka mmoja niliyekuwa namsikiliza tangu nikiwa sekondari, ambaye sauti yake ndiyo iliyonifanya niipende redio, alikuja kwenye meza yangu, akasimama kimya, kisha akasema: "Mdogo wangu, kumbe mshahara wangu ulikuwa kwenye hilo faili."

Sijawahi kuisahau sentensi ile. Siku hiyo nilielewa kwamba chumba cha nyuma ndicho kinachoamua kama chumba cha mbele kitakuwa na umeme.

Sasa angalieni historia yetu wenyewe. Marehemu Reginald Mengi alikuwa mhasibu. Alisomea uhasibu Uingereza, akarudi, akafika kuongoza Coopers & Lybrand hapa Tanzania, kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Bunge lilipopitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji mwaka 1993, vituo binafsi vikaruhusiwa. Wakati huo Redio Tanzania ilikuwa imejaa magwiji, watu ambao nchi nzima ilizitambua sauti zao gizani. Kwa kutangaza, hakuna hata mmoja ambaye Mengi angemshinda. Lakini mwaka 1994 ITV na Radio One zilipokwenda hewani, mwenye vituo alikuwa mhasibu, na magwiji wengine wakaenda kufanya kazi kwake. Ruge Mutahaba naye, aliyetutoka Februari 2019, hakujulikana kwa kuimba. Yeye na Joseph Kusaga waliijenga Clouds, iliyoanza kama disko kabla ya kuwa redio, na wakalifanya Fiesta kuwa tamasha linalozunguka mikoani. Watu wengi mnaowasikia leo walipita mikononi mwa watu wasioshika maiki.

Kuna habari ya mbali nayo ningependa muibebe. Mwaka 1923 ndugu wawili walifungua studio ya katuni Los Angeles, Walt na Roy Disney. Walt ndiye aliyekuwa na ndoto. Roy alikuwa amefanya kazi benki, akashika hesabu. Wakapata katuni moja ya sungura, ikapendwa sana. Mwaka 1928 Walt akapanda treni mpaka New York kuomba aongezewe malipo. Msambazaji akamwambia malipo yatapungua, na akitaka kuondoka aondoke, kwa sababu mkataba unasema yule sungura ni mali ya Universal. Wachoraji wake wengi nao walikuwa wameshachukuliwa. Walt alirudi mikono mitupu, na katika kuhangaika huko ndipo akapatikana Mickey Mouse. Tangu hapo wale ndugu wakashika haki za kila walichokitunga. Na yule sungura? Kampuni yao ilimpata tena mwaka 2006. Miaka 78! Kwa kifungu kimoja cha mkataba.

Neno lenyewe ni haki. Mkitoka hapa na neno moja, tokeni na hilo. Mei 2021 TFF, shirikisho la soka nchini, na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu. Wastani wake ni zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Kiliuzwa nini pale? Dodoma Jiji ikicheza uwanja wa Jamhuri, nyasi ni zile zile, na mimi na wewe tunakata tiketi vile vile. Kilichouzwa ni ruhusa ya kuonyesha. Kitu kisichoshikika, kisicho na uzito, na ndicho chenye bei kubwa kuliko vyote uwanjani. Kwenye vitabu vyenu kinaitwa mali isiyoshikika, mnakijibia mtihani na kukisahau.

Tuje kwenye wimbo, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoumia. Wimbo mmoja una mali zaidi ya moja ndani yake. Kuna utunzi, maneno na melodi, mali ya mtunzi. Kuna uimbaji wa aliyeingiza sauti. Na kuna rekodi yenyewe, ile ambayo mtaani tunaiita masta, mali ya aliyegharimia kuitengeneza, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inavitenganisha: mtunzi ana hakimiliki, mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi wana hakishiriki. Hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Miaka 50! Huo ni urithi wa mjukuu. Sasa kijana anakwenda studio Majengo, prodyuza anamwambia "leta laki mbili au turekodi bure tutajuana mbele." Wimbo ukilala, hakuna shida. Wimbo ukikubalika, kampuni ya simu ikiutaka kwa tangazo, ndipo undugu unakufa. Karatasi moja ya makubaliano, iliyoandikwa siku ya kurekodi wakati bado mnapendana, ingeuokoa. Nani aiandike? Msanii hajui. Prodyuza hataki. Wewe unajua kuandika makubaliano ya ubia, umefundishwa muhula wa kwanza.

Naomba hiyo kalamu ya ubao.

Tamasha. Nitawapa namba za mfano, msizinukuu kama bei za soko. Msanii milioni 5. Jukwaa, muziki na taa milioni 3. Uwanja au ukumbi milioni 1 na nusu. Matangazo milioni 1 na nusu. Ulinzi, vibali na dharura milioni 1. Jumla milioni 12. Tiketi ni 10,000. Unahitaji watu wangapi ili usile hasara? Ndiyo, 1,200. Sasa nikimpata mdhamini wa milioni 6 kabla sijauza tiketi hata moja? Nahitaji 600. Mnaona mdhamini amefanya nini? Ameigawa hofu yangu nusu kwa nusu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya promota ni kutafuta udhamini, na kumtafuta msanii huja baadaye. Promota wetu wengi wanaanza na msanii kwa sababu msanii ndiye anayewapa raha ya kusema "namleta fulani."

Mimi mwenyewe niliyajua haya yote, nikayaacha. Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza chuo niliandaa onyesho la wazi, mwezi wa Februari, bila mdhamini. Nilikuwa na shilingi milioni 4, na milioni 1 na nusu kati ya hizo ilikuwa ya baba, ya zabibu. Mvua ikaanza saa kumi jioni. Wanaosema Dodoma hakuna mvua hawajaandaa onyesho mwezi wa Februari. Watu hawakufika mia na hamsini. Nililipa mafundi wote, nikabaki na nauli ya kwenda Hombolo kumweleza mzee. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, uliangalia msimu?" Mkulima wa darasa la saba alimuuliza mhitimu wa shahada ya biashara swali la soko ambalo mhitimu hakujiuliza.

Basi tangu hapo naangalia msimu, na nitawapa kalenda yangu bila malipo. Mji huu una mapigo yake. Mvua huanza Desemba na kumalizika Aprili. Bunge la Bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, na kipindi hicho hoteli zinajaa, taasisi zinafanya maonyesho, wizara zinataka video, mabango, washereheshaji, muziki wa jioni. Vyuo vikifunga, nusu ya soko la vijana linaondoka na mabegi. Fedha ya wanafunzi ina tarehe yake, bumu likitoka kila mtu anajua, na likiisha kila mtu anajua pia. Halafu kuna treni. Tangu safari za SGR, reli yetu mpya ya kisasa, zianze kufika Dodoma Julai 2024, msanii anatoka Dar na kufika hapa chini ya saa nne, gharama yangu ya usafiri na malazi imepungua. Lakini treni hiyo hiyo Ijumaa jioni inawabeba watumishi wanaorudi kwa familia zao Dar. Kwa hiyo shughuli yangu inayolenga watumishi naiweka Alhamisi. Hayo hakuna mtangazaji maarufu wa Dar atakayekuja kuwaambia. Ni maarifa ya soko, na ninyi mnaishi ndani yake.

Mtaingiaje? Hapa niseme ukweli, kwa sababu wengi mnasubiri tangazo la ajira. Benki ina utaratibu, ina usaili, ina tarehe. Redio na televisheni haziji hapa na meza na vipeperushi. Wala msidhani ni unyonge wa nchi yetu. Marekani kuna vyuo vya biashara kama UCLA Anderson na NYU Stern vyenye programu maalumu za habari na burudani, na hata huko mwanafunzi anaambiwa mapema: benki na kampuni za ushauri zitakuja chuoni kwa ratiba, studio za filamu zitaajiri siku kiti kikiwa wazi, na zitamchukua anayejulikana tayari. David Geffen, aliyekuja kuwa tajiri mkubwa wa muziki na filamu, alianza mwaka 1964 kwenye chumba cha barua cha wakala wa wasanii William Morris. Chumba cha barua! Lakini fikirini barua zinazopita pale: nani anamwandikia nani, kwa bei gani, kwa masharti gani. Ni kama chumba changu cha mafaili.

Kwa hiyo nendeni mlango wa pembeni. Kituo chochote cha redio hapa mkoani kina shida ya kuuza matangazo. Nenda kaombe kuuza kwa kamisheni. Tembea maduka ya vifaa vya ujenzi Sabasaba, nenda kwa wenye shule binafsi, wenye saluni, wenye viwanja vya kuuza, maana mji unajengwa kila kona. Utakataliwa mara nyingi, na kwa kukataliwa huko utaanza kujua kipindi gani kinaaminika na kipi kina kelele tu. Baada ya miezi sita utaijua redio ile kuliko watangazaji wake. Ukitaka upande wa wasanii, mtafute msanii asiye na jina, umwekee vitabu. Mapato, matumizi, madeni, shoo aliyolipwa nusu. Usimwombe kuwa meneja. Mwekee vitabu miezi mitatu, yeye mwenyewe atakuomba.

Wanaotaka kuwa waandishi wa habari nisiwafiche: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake zinadai angalau stashahada ya fani hiyo. Shahada yako ya biashara peke yake haitakupa kitambulisho. Kama moyo wako uko kwenye habari za uchumi, na tunawahitaji sana waandishi wanaoweza kusoma bajeti ya serikali na kumweleza muuza nyanya inamgusaje, basi hesabu na muda wa kusoma stashahada ile. Na wanaotaka kufungua televisheni ya mtandaoni, kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Zisomeni kwanza, muone kama mnachotaka kufanya kinahitaji leseni ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Kamera inunuliwe baadaye.

Kuhusu YouTube nitapita haraka, maana najua mnaijua. Ili uanze kugawana fedha za matangazo kwa video ndefu unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na malipo hutoka ukifikisha dola 100. Kile msichoambiwa ni kwamba mtazamaji wa Dodoma na mtazamaji wa Chicago hawana bei moja kwa mtangazaji wa bidhaa. Kwa hiyo chaneli ya Kiswahili inayotegemea fedha za YouTube peke yake itakonda. Zinazoishi zinauza udhamini moja kwa moja kwa wafanyabiashara wa hapa, kwa ankara na mkataba. Na kama mnauza haki kwa mrabaha, yaani kulipwa kila haki inapotumika, kumbukeni kodi ya zuio ya asilimia 15 inakatwa kabla fedha haijakufikia. Msanii asiyeambiwa hilo atadhani meneja wake ni mwizi.

Nimefika kwenye jambo lililo karibu zaidi na moyo wangu.

Hapa mnapokaa ni nyumbani kwa muziki uliozunguka dunia. Hukwe Zawose alitoka mkoa huu. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akawa mwalimu wa chuo cha sanaa Bagamoyo, na ala zake, ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba na zeze la nyuzi, zikarekodiwa na Real World, lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza, watu wa Ulaya wakasimama kumsikiliza. Alifariki mwishoni mwa 2003. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo, wanakuja vikundi vya vijiji, kina mama wanapiga ngoma ya muheme mpaka ardhi inatikisika. Mimi nikiwasikia kina mama wale nalia, sioni aibu kusema. Na kila nikiwa pale najiuliza: kati ya maelfu ya wanafunzi wa biashara walioko jiji hili, ni nani amekwenda Chamwino na daftari? Nani ameandika orodha ya vikundi, nani mtunzi wa wimbo upi, nani amerekodi nini na kwa makubaliano gani? Wanakuja watu kutoka mbali na mashine nzuri, wanarekodi, wanaondoka. Wengine ni waungwana, wanaacha nakala na malipo ya haki. Wengine wanaacha karatasi.

Nimekuja na karatasi moja. Nimefunika majina. Ni ya mzee mmoja mpiga zeze, babu wa watu, amenipa ruhusa kwa mdomo wake niwaonyeshe. Alirekodi nyimbo tisa kwa siku moja. Alipewa shilingi 150,000, akaweka dole gumba. Yeye alielewa analipwa kwa kazi ya siku ile, kama anayelipwa kulima. Naomba dada uliyekaa mbele usome kifungu cha tatu kwa sauti.

"Msanii anahamisha haki zote, za sasa na za baadaye, duniani kote, kwa muda wote."

Ahsante. Rudia maneno ya mwisho.

"Kwa muda wote."

Mzee ana wajukuu kumi na mmoja. Mtu wa biashara aliyeandika kifungu hicho alisoma shule kama yenu. Sasa niambieni, kuna nini hakimo kwenye karatasi hii?

Nilisikia "asilimia". Ndiyo, hakuna mrabaha hata kidogo. Wewe kaka unasema hakuna orodha ya nyimbo, vizuri sana, hata mimi mara ya kwanza nililipita hilo: mkataba haukutaja ni nyimbo zipi, kwa hiyo mwenye mkataba angeweza kudai hata zile ambazo mzee bado hajazitunga. Na huyu hapa anauliza kama kuna shahidi aliyemsomea kwa lugha yake. Hakuna. Mzee hasomi Kiswahili cha mikataba, na mkataba wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza, tafsiri hii niliifanya mimi.

Nimezungumza na wakili mmoja, amekubali kuuangalia bila malipo, lakini anataka kwanza maelezo kamili: nyimbo tisa kwa majina, mwaka aliotunga kila mmoja, nani mwingine aliimba siku ile, fedha ilitolewa mbele ya nani. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye subira na daftari. Nahitaji sita kati yenu. Gari litaondoka hapa getini Jumamosi saa mbili asubuhi, nauli nimelipa. Mzee amesema atatungojea chini ya mbuyu ulio karibu na nyumba yake, na anataka asomewe karatasi yake yote, neno kwa neno, kwa Kigogo. Anayekijua Kigogo vizuri aje akae mbele, upande wangu.